Ibn Battuta alilala Mombasa, nyie mwashindwa kulala Tangier?

Pale bandarini Tarifa, kusini kabisa mwa Uhispania, kuna bango linalouza "Afrika kwa siku moja". Feri ya asubuhi, picha na ngamia, chakula cha mchana, duka la mazulia, feri ya jioni. Afrika yote umeimaliza, na jua halijazama ushakuwa kwako! Mtoto wa Mombasa nimesimama na pasipoti mkononi nasoma upuuzi ule, hasira zikanipanda hadi dada yangu akaniambia nishushe sauti.

Feri yenyewe ya kwenda Tangier, mji wa kaskazini mwa Moroko, haina taabu, hilo nakubali shingo upande. Saa moja tu majini, viti vizuri. Tulitoka saa tatu tukafika saa tatu, maana kiangazi saa za Moroko ziko nyuma ya Uhispania. Ila soma tiketi vizuri: ukipandia Algeciras utashushwa Tanger Med, zaidi ya kilomita 40 nje ya mji. Na mwenye viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, ya kuingia mara moja asijaribu, akivuka ndio basi, Uhispania harudi. Mlango ule wa bahari kati ya Uhispania na Moroko, pale unapobana kabisa, ni kilomita 14. Kwa pasipoti zetu ni mpana kuliko Bahari ya Hindi.

Sasa hao ngamia. Tangier ni mji wa meli, jamani. Wareno waliuteka mwaka 1471, miaka 34 kabla ya kuja kuipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Baadaye binti yao Catherine alipoolewa na mfalme wa Uingereza, wakampa mji aende nao, kama sufuria za bibi harusi. Waingereza wakachoka nao, mwaka 1684 wakaondoka. Hayo hayamo kwenye ziara ya mazulia.

Lakini linaloniuma hasa ni Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri. Kijana wa Tangier wa miaka 21, mwaka 1325 kaaga kwao kwenda Hija, safari ikamfikisha hadi pwani yetu mnamo 1331. Akasimulia kwamba watu wa Mombasa chakula chao ni ndizi na samaki, misikiti yao ni ya mbao, na milangoni mna visima ambako mtu huchota maji kwa chombo cha mti chenye mpini mrefu, akaosha miguu ndipo aingie. Mpini mrefu! Hiyo si kata? Kata kama ile iliyokuwa ikining'inia juu ya mtungi wa bibi yangu! Miaka mia saba karibu, mgeni kaiona kata, sisi hata mtaa aliozaliwa hatuna haja ya kuujua.

Mtaniambia mbona yeye mwenyewe Mombasa alikaa usiku mmoja tu, akaendelea Kilwa. Kweli. Lakini alilala.

Kaburi linalosemwa kuwa ni lake liko ndani ya vichochoro vya mji wa kale, dogo, ukienda mbio unalipita. Nililikuta limefungwa. Mzee aliyekaa kizingitini jirani akaniuliza nimetoka wapi. Nikamtolea salamu, nikamwambia Mombasa. "Manbasa," akasema, kwa nuni, kama ilivyoandikwa kwenye kitabu cha safari za Ibn Battuta. Nikashindwa la kumjibu. Wakati huohuo kikapita kikundi cha watu wenye vibandiko vifuani, mwongozaji mbele na kijibendera chake, wala hakupunguza mwendo. Hakuwaambia kwamba Ibn Battuta aliporudi kwao baada ya miaka zaidi ya ishirini alikuta mama yake kafa kwa tauni, na Tangier alikuja kuzuru kaburi la mamake. Mimi lile ndilo nililokuwa nikilifikiria pale mlangoni, na mamangu mimi yuko Kisauni, anauliza kila wiki nitarudi lini.

Alasiri ukaanza levante, upepo wa mashariki ambao watu wa pande zile wanaujua kama sisi tunavyoijua kusi. Feri za Tarifa zikafutwa. Nilikuwa juu Kasbah, kwenye ngome ya zamani, na chai yangu ya nanaa, natazama bandarini: vibandiko vile vile vifuani, wamekalia mifuko ya mazulia, wanaulizana wapi pa kulala.