Niko Likasi

Kabla hamjaamini zile sauti za WhatsApp anazosambaza Kamera Moja, mwenzangu wa kupiga video, tangu Jumamosi: sikulia. Jasho lilinitoka machoni, basi.

Mliokuwa kwenye ile arusi hapa Lubumbashi, kule Kamalondo, mnajua. Wengine nifuateni. Yaya, mkubwa wetu wa rejii anayetuongoza sisi wa kamera, alichoshwa na tokiwoki, maana mmoja akisema wote wanangoja. Akakodi vile vidude vya kufunga mkandani, vyenye kaske ya masikioni na mikro, vilivyopita mpaka wa Kasumbalesa kutoka Johannesburg. Hivyo watu wote mnasemezana na kusikizana papo hapo, kama kwenye simu. Akatufundisha: ukishikilia kitufe, mikro iko wazi mpaka ukiachie, ukikigusa tu haraka, inabaki wazi mpaka ukiguse tena. Mimi, Kamera Mbili, nilitikisa kichwa kama mjuzi, macho yako kwenye sinia za kuku.

Halafu Yaya alikuwa amemwomba kijana wa sono, yule wa vyombo vya sauti, aunganishe laini yetu na bafle, zile spika za ukumbi, ili apate kumwita MC. Kijana akasahau kuifunga.

Pasta anaombea maarusi. Ukumbi mzima kimya, macho yamefumbwa. Simu yangu inatetemeka: mke wangu. Nashusha kaske shingoni, nainama nyuma ya tripodi, kidole kinapapasa mkandani, kinagusa kitufe. Haraka tu. (Ninyi mmeshaona. Mimi sikuona.)

"Sheri, mwenye nyumba akikuya, umuambie niko Likasi."

Nikasikia mwanaume fulani, sauti nzito ajabu, naye anasema yuko Likasi. Nikajiambia, kumbe tuko wengi. Nikaendelea kunong'ona.

"Ni myezi tatu tu, haiko myaka tatu! Ule muzee, ile tumbo yake yote ni kodi yetu."

Yule mwanaume naye akataja tumbo.

Hapo nikainua kichwa. Kamera Tatu ananipungia mikono miwili. Nami nikampungia. Shingoni kaske inalia kama mbu, naisogeza sikioni, ni Yaya: "Kamera Mbili, funga! Banakusikia bote!" Pasta amenyamaza, mikono bado iko hewani. Bibi arusi amejiziba mdomo kwa maua. Natazama mkandani: kitaa kinawaka, kinanikodolea. Na kule meza ya nne, polepole, kama mtu aliyeitwa kutoa ushuhuda, anasimama mzee mmoja. Anavuta koti. Anajaribu kufunga kifungo. Hakifiki. Mjomba wa bwana arusi. Mwenye nyumba wangu.

"Mutoto," akasema, bila mikro, na wote wakamsikia. "Kutoka Likasi ni kilometa 120. Umekuya na ndege?"

Wewe unayecheka hapo, kodi ya mwezi huu umelipa?

Basi, pasta akasema amina, watu wakala, mimi sikula, na malipo yangu ya siku yakaenda moja kwa moja mfukoni mwa mzee. Mke wangu hajanisemesha, kwa kuwa simu haikukatika na alisikia ukumbi mzima ukicheka. Maarusi wamekataa tusikate ile sehemu ya maombi hata sekunde moja, eti ndiyo tamu kuliko zote. Mzee naye ameagiza kopi yake, na anayefanya montaji ni mimi.