Kihisi cha kamera yako kisafishe mwenyewe

Doa lilikuwa juu kulia, kwenye anga. Nililifuta kwa kompyuta katika picha ya kwanza, nikalifuta katika ya pili, na nilipofika kwenye ya arobaini ndipo nilipotambua kwamba ni lile lile, limekaa pale pale. Enzi za filamu punje ya vumbi iliharibu picha moja, ikaondoka na filamu ilipovutwa. Kwenye kamera ya dijitali punje ikishatua juu ya kihisi, kile kipande kinachonasa mwanga nyuma ya lenzi, hukaa hapo, na kila picha inazaliwa na doa lake.

Niliwauliza wenzangu, wote wakanijibu jambo moja: usiguse, peleka kwa fundi. Nikaishi na doa lile miezi kadhaa, nikilifuta usiku baada ya usiku, kwa sababu niliamini kwamba nikigusa tu nitaiua kamera.

Leo nasema hofu ile imezidi mno, na inawanyima watu wengi kazi ambayo mikono yao inaiweza. Unapofuta kihisi huigusi silikoni yenyewe. Mbele yake kuna kioo, chujio linalozuia mwanga wa infraredi, na vumbi linatua juu ya kioo hicho. Kinaweza kuchubuka, ndiyo, hasa utando wake wa juu, na anayekiparura kwa kona ya shati atajuta. Lakini ni kioo. Mtu anayeweza kusafisha lenzi ya bei kubwa bila kutetemeka anaweza na hili pia.

Kioo hicho ndicho pia kinachoeleza kwa nini doa huonekana leo na kesho likapotea. Punje inakaa mbele kidogo ya pikseli, vile vinukta vya kihisi vinavyonasa mwanga, haizigusi. Ukipiga kwa f/2.8 mwanga unatoka kwenye tundu pana la lenzi, unaizunguka punje kutoka pande nyingi, na kivuli chake kinayeyuka. Ukibana tundu hadi f/16 au f/22, mwanga unapita mahali pembamba na kivuli kinakuwa kikali. Ndiyo maana wanaopiga mandhari hulalamika kuliko wanaopiga sura za watu.

Kwa hiyo anza kwa kupima. Weka f/22 na ISO (kipimo cha wepesi wa kihisi kwa mwanga) ya chini, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe au anga tupu, vuruga fokasi makusudi, piga. Mkono ukitikisika si neno. Ukuta utafifia, doa halitafifia. Kisha kumbuka kwamba lenzi inapindua picha: doa lililo juu kushoto kwenye picha, wewe unayetazama ndani ya kamera kwa mbele utalikuta chini kushoto. Mimi nilisugua upande usio wake kwa muda mrefu kabla ya kulijua hilo.

Kisha chukua pampu ya mpira ya kupulizia hewa, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana sehemu kubwa ya kazi inaishia hapa. Betri iwe imejaa, na lenzi uitoe. Kama kamera yako ina kioo cha kuakisi, tumia menyu ya usafi, ile inayoinua kioo hicho cha kuakisi na kuacha shata, pazia linalofunika kihisi, wazi. Usiache shata wazi kwa kubonyeza kitufe cha kupigia na kukishikilia; kidole kikiteleza shata itajifunga juu ya chochote ulichoingiza. Geuza kamera mdomo uangalie chini, pulizia mara kadhaa bila ncha ya pampu kugusa kitu, vumbi lianguke lenyewe. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate yatafika kabla ya hewa. Wala usitumie hewa ya kopo, kwani gesi yake hutoka wakati mwingine ikiwa kimiminika baridi na kuacha madoa magumu kuliko vumbi ulilokuwa unalifukuza.

Piga picha ya kupima tena. Doa likiwa limeondoka, rudisha lenzi na uache. Kijiti chenye maji ya kusafishia ni cha vumbi lililogandamana na mafuta tu. Kinunuliwe kwa upana wa kihisi chako: takribani milimita 24 kwa fremu kamili, yaani kihisi chenye ukubwa wa filamu ya 35mm, 16 kwa APS-C, kihisi kidogo zaidi. Matone mawili au matatu, subiri kidogo maji yaenee, kisha vuta mara moja toka ukingo hadi ukingo kwa uzito wa mkono uliotulia, geuza upande wa pili, vuta kurudi, tupa. Kijiti kilichokwisha kutumika hakitumiki tena. Na kama kihisi chako kinaelea ili kutuliza mtikisiko, soma mwongozo kwanza ujue kinakaaje kamera ikiwa imezimwa, na mkono uwe mwepesi zaidi.

Nilipokosea mimi ni hapo. Baada ya kuliondoa doa langu niliona punje nyingine ndogo pembeni, nikarudi na kijiti kile kile, nikakwangua hadi ukingoni, nikavuta grisi ya pale nikaieneza katikati. Ilinigharimu vijiti vinne kuiondoa, na punje yenyewe isingeonekana kamwe katika picha ninazopiga, kwa sababu mara nyingi mimi nipo f/5.6.

Hilo ndilo ninalotaka kuwaambia wenzangu wanaoanza. Picha ya kupima kwa f/22 ni kali kupita picha zako halisi, na ukiifuata hadi iwe safi kabisa utasugua kioo bila sababu. Ukishasafisha, pima pia kwa tundu unalolitumia kila siku. Kama hapo hakuna kitu, kazi imekwisha, hata kama f/22 bado inaonyesha vinukta viwili.

Fundi bado ana nafasi yake. Mchubuko hautoki kwa kijiti. Uchafu ulioingia nyuma ya chujio hutaufikia. Na madoa yakirudi wiki chache baada ya kila usafi, chanzo huenda kiko ndani ya kamera yenyewe. Wenye Nikon D600, iliyotoka mwaka 2012, walipambana na madoa ya namna hiyo hadi mwaka 2014, kampuni ilipotangaza kuzikagua na kuzisafisha kamera hizo bure na kubadilisha shata, hata kwa zile ambazo dhamana yake ilikuwa imekwisha. Ukiona yanarudi hivyo, weka tarehe ya kila usafi pamoja na picha zako za kupima, ndizo utakazomwonyesha fundi.