Nakuru ilichagua wanawake, lakini viti maalumu bado vina kazi

Agosti 2022 kaunti ya Nakuru, Kenya, ilimchagua Susan Kihika kuwa gavana na Tabitha Karanja kuwa seneta. Katika maeneobunge yake 11, wanawake wanne walishinda: Jayne Kihara Naivasha, Martha Wangari Gilgil, Charity Kathambi Njoro na Irene Njoki Bahati. Tangu hapo, wanaopinga kanuni ya Katiba kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya viti huuliza: kama Nakuru wameweza debeni, viti vya kuteuliwa ni vya nini?

Hoja hiyo ina uzito. Mwanazuoni Hanna Pitkin alitofautisha mwakilishi kufanana na watu na mwakilishi kuwatendea kazi, na wanafeminia wamelijadili suala hilo kwa miaka mingi. Tazama bunge la kaunti, ambako Ibara ya 177 inaongeza viti hadi uwiano utimie. Mzazi wa Kondele, Kisumu, akitafuta basari ya mwanawe humwendea MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) wa wadi yake. Yule wa kuteuliwa hana wadi, na jina lake lilitoka kwenye orodha ya chama. Muhula ukiisha, hana wapiga kura wa kuwarudia. Anamwogopa yule aliyemwandika kwenye orodha.

Lakini Kisumu inanizuia kukubaliana nao. Grace Onyango alikuwa meya wa mji huo mwaka 1965, na mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini. Zaidi ya nusu karne baadaye, kati ya maeneobunge 7 ya kaunti hiyo, ni Kisumu Magharibi tu iliyomchagua mwanamke, Rosa Buyu. Ushindi wa mmoja haukuwafungulia wengine njia.

Kuna sababu, nazo zinaanzia nyumbani. Mwanamke akitangaza kuwania kiti alikozaliwa, huambiwa aende akaombe kura kwa mumewe. Akienda huko, anaitwa mtu wa kuja. Kaka yake haulizwi lolote. Ndiyo maana wanafeminia husisitiza kwamba mambo ya jikoni na ya ndoa ni siasa pia, na ndiyo maana mkataba wa CEDAW, wa Umoja wa Mataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1984, unasema hatua maalumu za muda za kuharakisha usawa si ubaguzi. Ni za muda: usawa ukipatikana, zinaondolewa. Nakuru peke yake si usawa.

Sheria hatujaikosa. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2012 kwamba Bunge liwe limeitekeleza kanuni hiyo kufikia Agosti 27, 2015. Halikufanya hivyo. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje, na halikuvunjwa.

Kwa maoni yangu, viti vya kuteuliwa vibaki, lakini nguvu ielekezwe kwenye mchujo wa vyama. Washindi wengi wa Nakuru walikuwa na tiketi ya UDA, chama kilichokuwa na wimbi huko. Njoki alishinda kwa Jubilee, ila ni nadra mtu kulishinda wimbi. Chama kilazimishwe kuwapa wanawake angalau thuluthi moja ya tiketi zake, na hesabu ifanywe katika ngome zake. Wakipewa tiketi za ODM huko Molo, Nakuru, na za UDA huko Nyakach, Kisumu, ambayo ni ngome ya ODM, kila chama kitakuwa kimetimiza idadi bila kumpeleka hata mmoja bungeni.