Nairobi 1921: Mpishi na Hesabu za Bwana

Jamani, mimi ni mpishi. Ukiniambia nipige mayai, nitayapiga mpaka yaombe radhi. Ukiniambia nipige hesabu, hapo ndipo tunapokosana. Na mwaka huu wote nimekuwa nikipigishwa hesabu.

Mwaka juzi nililipwa rupia 18 kwa mwezi. Rupia naijua, nimekua nayo, hata gizani naitambua kwa kidole gumba. Wakaja wakasema rupia basi, sasa ni florini, thamani ile ile. Haya. Sijazoea hata kulitamka hilo jina, mwaka huu wakasema florini nayo basi, sasa ni shilingi, mbili kwa florini moja. Sarafu yenyewe nzuri, sikatai: huku Kingi George, huku simba na milima nyuma yake. Lakini simba huyo akiingia mtaani kwetu Pangani hamalizi siku mbili.

Halafu Bwana akaniita barazani. Kahawa imeanguka bei huko Ulaya, akasema, kwa hiyo Wazungu wa mashamba wamekubaliana kukata mishahara yetu theluthi moja. Mimi kahawa naichemsha tu, siinywi. Ikianguka huko Ulaya inanidondokea mimi huku jikoni.

Rupia 18 ni shilingi 36. Toa theluthi, zinabaki 24. Kosa langu lilikuwa kufika nyumbani na kumwambia Mama Halima, "Mshahara sasa ni 24." Mwenzangu kichwani ana 18 yake ya zamani. Akapiga kigelegele! Majirani wakaja kunipa hongera, nami mjinga nikazipokea. Kabla ya magharibi alikuwa ameshakopa doti ya kanga kwa Mhindi.

Kesho yake akaenda kununua mchele. Kila cha rupia moja kimekuwa cha shilingi mbili, na mwenye duka hakukosea hata senti.

"Baba Halima," akasema taratibu, na yule akisema taratibu ujue kuna jambo, "hizo 24 ni za nini?"

Jioni hiyo ndipo akachimbua chini ya kitanda mtungi nisioujua, una rupia 11 za siri tangu vita vya Mjerumani. Dukani hazipokelewi tena. Mimi nikataka kugomba kwa nini alinificha. Yeye akataka kugomba kwa nini sikumwambia rupia zinakufa. Tukagomba wote kwa pamoja, ikawa nafuu, hakuna aliyemsikia mwenzake.

Kodi ya serikali nayo ni shilingi 16 kwa kila kibanda. Kule Kiambu nina changu na cha mama, mjane. Jumla 32. Yaani nikifanya kazi mwezi mzima bila kula, bado sijamaliza kulipia nyasi zinazovuja.

Na hiki kipande, kitambulisho chetu cha kazi! Kikopo cha chuma shingoni, ndani karatasi yenye alama za vidole vyangu. Wakikuyu wamekiita mbugi, kengele ya mbuzi, na hawakukosea. Nikiinamia sufuria kinagonga ukingoni, ngo! Memsahibu naye huko ndani anaitika, "Chakula tayari?" Na karatasi imeandikwa mshahara wangu. Nikihamia kwingine, bwana mpya ataisoma kwanza, ndipo aniulize nataka kiasi gani. Hata kuhama kwenyewe, mpaka huyu wa sasa atie sahihi.

Kuna kijana aliyekuwa akipokea simu pale Hazina, Harry Thuku, ameanzisha chama. Anasema mishahara isikatwe, kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe. Pangani nzima inamzungumzia yeye. Mama Halima anataka twende mkutanoni Jumapili, kanga yake ya deni ameshaikunja tayari.

Nikamwuliza, "Na chakula cha Bwana je?"

Akanitazama kutoka miguuni mpaka kwenye kipande.

"Mpikie. Lakini kata theluthi."