Makhathini: tuuache uganga kidogo, tusikilize mkono wa kushoto

Kila nikisoma habari za Nduduzo Makhathini, mpiga piano wa Afrika Kusini, aya ya kwanza ni uganga. Kweli ni mganga wa jadi, wala hafichi. Lakini waandishi wakifika hapo huishia hapohapo, utadhani muziki humshukia usingizini. Mimi namwona fundi kwanza.

Usikilize mkono wake wa kushoto (si kwa spika ya simu, tafadhali, hutausikia). Anagonga noti mbili nzito huko chini, anakanyaga pedali, anaziacha zivume. Kabla hazijafifia, mkono wa kulia umeshatua juu na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zilizoachana nafasi, ambazo hujui kama ni za furaha au za majonzi. Hilo kalichota kwa McCoy Tyner, aliyempigia piano John Coltrane, yule gwiji wa saksafoni ya jazi. Ila ule mzunguko wa kodi chache zinazorudi na kurudi, kama kiitikio cha kanisani, huku yeye akisogeza mkazo kidogo kidogo mpaka unajikuta umefika kwingine, huo ni wa nyumbani. Humo namsikia zaidi Bheki Mseleku, mlezi wake kimuziki, aliyefariki London mwaka 2008.

Kuna na hili la Blue Note, kampuni ya Marekani ya kurekodi jazi. Walipomchukua, albamu ya kwanza ikatoka 2020, watu wakasimulia kana kwamba Marekani ndiyo iliyomwibua. Wapi! Kati ya 2014 na 2017 alikuwa keshatoa albamu mfululizo kupitia Gundu Entertainment, kampuni yake na mkewe, mwimbaji Omagugu. Mojawapo ina jina la Kiswahili kabisa, Matunda Ya Kwanza. Blue Note walikuta chakula kimeiva, wakapakua.

Tena zile albamu mbili za mwanzo za Blue Note, kwangu, zina msongamano. Saksafoni na tarumbeta ni tamu, lakini piano inabanwa. Ndiyo maana naiweka mbele uNomkhubulwane ya 2024: watu watatu tu, Zwelakhe-Duma Bell le Pere kwenye besi na Francisco Mela, Mkyuba, kwenye dramu. Mela hapigi mdundo wa kuhesabu, anatawanya, na piano inapata pa kupumulia. Makhathini huimba pia humo, kwa sauti ya mtu anayeomba zaidi ya kuimba. Sehemu nyingine inakaa vizuri. Kwingine, sisemi uongo, natamani anyamaze amwachie Mela.