Vijiji kumi sio watu elfu moja, jamani

Nimesoma tena ripoti ya utafiti wa afya ya jamii, zile za kugawa vijiji kwa bahati nasibu, vingine vinapata huduma mpya vingine vinabaki na ya zamani, nafika kwenye uchambuzi nakuta nini? Kai-skwea, kile kipimo kinachochukulia kila mtu anajitegemea. Watu wote wamejumlishwa pamoja kana kwamba kila mmoja aligawiwa kwa bahati nasibu yake mwenyewe, halafu p-valyu ndogoo (eti matokeo hayo ni vigumu kuwa ya kubahatisha), na hitimisho linapiga vigelegele.

Hivi hili litasemwa mpaka lini? Mwanatakwimu Jerome Cornfield alishaandika mwaka 1978 kwamba ukigawa kwa makundi halafu ukachambua kama uligawa mtu mmoja mmoja, unajidanganya. 1978! Na mpaka leo kuna watu wanajidanganya kwa kompyuta nzuri kabisa.

Watu wa kijiji kimoja wanafanana bwana. Maji yaleyale, nesi yuleyule, na magonjwa wanaambukizana wenyewe kwa wenyewe. Ukihoji watoto kumi wa nyumba moja kama mama yao ni mkarimu, usije ukatamba una mashahidi kumi.

Haya piga hesabu. Vijiji 10, kila kimoja watu 100, ICC (kipimo cha watu wa kijiji kimoja wanavyofanana) 0.02, ambayo wengi wanaiona ndogo, eti ya kupuuza. Wenzake 99 wa kijiji mara 0.02, jumlisha 1, unapata 2.98. Kwa hiyo watu wako 1,000 wana uzito wa watu kama 336 hivi, na ile z (ukubwa wa tofauti ukilinganisha na kubahatisha, ikivuka 1.96 watu wanashangilia) ya 2.5 uliyoifurahia, igawe kwa kipeuo cha pili cha 2.98, inabaki 1.45. Sherehe imeisha. Na hapo hata digrii za uhuru, yaani idadi ya taarifa huru unazobaki nazo, hatujazigusa, maana hizo zinahesabiwa kwa vijiji sio kwa vichwa: vijiji 10, pande mbili, unabaki na 8, kwa hiyo hata mpaka wa 1.96 sio wako tena, wako ni 2.31.

"Basi tutaongeza watu." Ongezeni! Kwa ICC hiyohiyo, hata mkihoji kijiji kizima na wageni waliolala, kijiji kimoja hakivuki uzito wa watu 50. Kinachotakiwa ni vijiji zaidi, na najua vijiji ni hela, ni magari, ni vibali, sawa, hapo nawaelewa.

Na nikubali tu, vijiji vichache peke yake sio dhambi. Utafiti wa Mwanza wa kutibu magonjwa ya zinaa ili kupunguza VVU, uliochapishwa 1995, ulikuwa na jamii 12 tu, yaani jozi 6, ingawa watu walikuwa zaidi ya 12,000. Wakalinganisha jozi kwa jozi, wakabaki na digrii 5 za uhuru, na bado maambukizi mapya yakaonekana kupungua kwa takriban asilimia 40. Hawakujificha nyuma ya ile 12,000.

Kuna wanaojitetea "sisi tulitumia GEE", mbinu ya uchambuzi inayozingatia kwamba watu wako kwenye makundi. Vizuri, makundi yako mangapi? Yakipungua chini ya 40 hivi, makosa sanifu yake (kipimo cha shaka iliyomo kwenye makadirio) yanatoka madogo kuliko ukweli, na programu haikushtui, mpaka uweke marekebisho ya sampuli ndogo mwenyewe. Ukichagua modeli mchanganyiko, inayoingiza tofauti za vijiji ndani ya hesabu, sigombani na wewe. Ukichukua wastani wa kila kijiji ukafanya t-test, kulinganisha wastani wa pande mbili tu, ndio nakupenda zaidi, watu wanaidharau kwa sababu haionekani ya kisomi.

Mwingine anasema walipima ICC, ikatoka haina umuhimu wa kitakwimu, wakaitupa. Kwa vijiji 10! Kipimo chenyewe hakina nguvu ya kuiona.

Na wewe uliyechukua wilaya moja ukaipa huduma, nyingine ukainyima, ukaita jaribio: usinitumie data. Tofauti ya huduma na tofauti ya wilaya zimeshikana, hakuna rigresheni ya kuzitenganisha. Rudi kwa mfadhili ukaombe wilaya zingine.