Herufi F Nane na Taa ya Bibi

Taa ya sebuleni ilipoanza kupepesa kama gari la wagonjwa, wa kwanza kushukiwa alikuwa jini. Wa pili nilikuwa mimi, maana wiki hiyohiyo nilikuwa nimeiunganisha na bodi ya Arduino (kikompyuta kidogo cha kuprogramu), relei (swichi inayojiwasha kwa amri ya umeme), na kile kidude cheusi cha miguu mitatu kinachonasa mwanga wa rimoti, ule wa infraredi ambao jicho halioni.

Nia ilikuwa njema. Magoti yanamsumbua Bibi, nikasema asiinuke tena kwenda kwenye swichi. Nikachukua rimoti ya redio iliyokwisha kufa, nikaandika skripti, yaani programu fupi, ya kusoma vitufe, nikabonyeza chekundu huku macho yakiwa kwenye kompyuta. Ikatokea namba moja ndefu, ya ajabuajabu. Chini yake FFFFFFFF. Kisha FFFFFFFF. Kisha tena na tena, safu nzima kama askari wa gwaride. Sasa hapo msimbo wa kweli ni upi? Wengi wape. Ile namba ya juu nikaihesabu kuwa takataka, nikaandika: ukiona F nane, taa kama imewaka izime, kama imezima iwashe.

Na ikafanya kazi! (Nina kidole kizito, nikibonyeza, nimebonyeza.) Mara nyingine taa iligoma, nikalaumu betri. Nikamkabidhi Bibi rimoti kwa mikono miwili. Akasema, "Mjukuu wangu, kumbe ulisoma."

Usiku huo, wakati wa taarifa ya habari, taa ikapagawa. Waka, zima, waka, zima, relei ikilia tk-tk-tk kama kuku anayedonoa bati. Nikaja mbio na bisibisi, ikatulia. Nikabadilisha balbu. Kesho yake yaleyale. Nikabadilisha relei, nikakaza nyaya. Nikakivisha kidude soksi: amani ikapatikana, ila na rimoti nayo ikawa haina kazi. Bibi akauliza kama soksi yenyewe ni safi.

Siku ya tano nikaamua kukaa naye nilinde. Habari zikaanza. Masikio ya Bibi si ya jana, akachukua rimoti ya televisheni, akakandamiza kitufe cha kuongeza sauti, asikiachie. Taa ikaanza ngoma.

Nikaishiwa nguvu. Rimoti zote mbili zilikuwa za mfumo mmoja, unaoitwa NEC. Ukibonyeza, zinarushwa biti 32 (sifuri na moja tupu) mara moja: anwani ya kifaa na amri, kila kimoja kikifuatwa na kinyume chake kwa ajili ya uhakiki. Ukiendelea kushikilia, rimoti hairudii yote hayo. Kila baada ya milisekunde 110 hivi inatuma ishara fupi tu ya "bado kashika", isiyo na anwani wala amri. Maktaba ya programu niliyotumia, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, toleo la zamani, ndiyo iliyoipa ishara hiyo sura ya FFFFFFFF. Kumbe skripti yangu haikukijua kabisa kitufe chekundu. Ilikitii kidole chochote kisichoachia, cha rimoti yoyote ya ukoo ule, mara tisa kwa sekunde! Na zile betri nilizozitukana: F zikitoka kwa idadi shufwa, taa inarudi palepale ilipokuwa.

Nikaiomba radhi namba ya juu, nikaiweka kwenye skripti, F nane nikaamuru zipuuzwe. Jioni Bibi akapandisha sauti mpaka kuta zikatetemeka. Taa kimya. Akakandamiza tena, kimya. Nikasikia naitwa.

"Wewe! Kengele yangu umeiua?"

"Kengele gani, Bibi?"

"Si hiyo taa! Tangu juzi nikikutaka nashika hapa, unakuja mbio na bisibisi yako. Sasa nipige makelele, kwa kifua hiki?"

Nimeongeza mistari michache: akibonyeza kitufe cha manjano, taa inapepesa mara tatu na mimi natokea. Bisibisi bado nakuja nayo. Anasema bila hiyo sionekani kama fundi.